Ogopa Gari, Usiogope Honi

Nilikuwa na leseni ya udereva kwa wallet usiku ule mathe alishindwa kupumua, na sikuweza kuendesha gari.

Wacha nirudie polepole, maana najua kuna msee ameshaanza kucheka. Leseni nilikuwa nayo. Ni halali, nilifanya mtihani na nikapita. Gari pia ilikuwepo, Probox ya anko, aliiacha kwa ploti yetu akienda ushago. Funguo ilikuwa juu ya meza, kando ya rimoti ya TV. Ilikuwa saa nane usiku, mathe ana pumu, inhela imeisha, na kila pumzi unaisikia mpaka kwa koridoo. Mimi, kijana wa miaka 22, nimesimama sebuleni na funguo mkononi, natetemeka.

Nilienda kugongea jirani. Ni dere wa teksi. Alitoka na vesti na sandozi, hakuuliza swali hata moja, akachukua funguo. Tukafika hospitali, mathe akawekwa kwa mashine ya dawa, akapona. Asubuhi akanitazama, bila hasira kabisa, akaniuliza: "Sasa hiyo kadi yako ni ya nini?"

Hilo swali limenikaa kichwani mwaka mzima. Na najua si langu peke yangu, kwa sababu tangu nianze kuongea hii stori, vijana wananiambia kwa siri kwamba wao pia wana leseni na hawawezi kutoa gari kwa geti. Wengine walilipia masomo, wakaenda mara tatu, wakatoroka. Sisi maboy ndio waongo wakubwa hapa. Ukituuliza, "Unajua kuendesha?" tunajibu, "Kitambo sana." Kitambo gani? Tulishika usukani wa gari ya mjomba siku ya matanga, tukaenda mita 20.

Sasa, watu wakisikia hivi wana dawa moja tu: "Wacha uoga. Jiamini." Mimi nasema hiyo dawa ni sumu, na nitaeleza kwa nini.

Turudi nyuma kidogo. Chuo niliacha mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine. Mathe hakunipigia kelele. Alisema, "Sawa, umeacha. Lakini hutakaa hapa na simu tu. Utachukua leseni." Akatoa pesa ya chama akanilipia. Kwa hivyo niliingia shule ya udereva nikiwa tayari na deni moyoni: nimeshaangusha kitu kimoja, siwezi kuangusha cha pili.

Kama umepitia shule ya udereva hapa Kenya, unaijua ile bodi. Mji mdogo umechorwa juu ya meza, raundabauti katikati, na kigari cha kuchezea. Unakisukuma kwa kidole huku unakariri: naangalia kioo, natoa ishara, nashika leni yangu, natoka. Mimi ile bodi niliimeza. Ungeniamsha usiku ningekuonyesha njia zote. Lakini kwa ile bodi hakuna matatu. Hakuna mtu wa mkokoteni. Hakuna kigari kingine kinakupigia honi ukichelewa.

Halafu kuna gari yenyewe. Tulikuwa watano kwa pikap moja nzee, kila mtu anashika usukani dakika chache, wanne wako nyuma wanangoja zamu na wanatazama. Mara ya kwanza nikaachilia klachi haraka, gari ikaruka, ikazima. Instrakta akapiga dashibodi kofi: "Angalieni huyu! Hata nyanya yangu angekuwa ameshaondoka!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Hapo ndipo nilifunzwa kitu, lakini si udereva. Nilifunzwa kwamba gari kuzima ni aibu, na aibu ndiyo kitu kibaya zaidi kinaweza kukupata ukiwa barabarani.

Wiki mbili baada ya kupita mtihani, anko akanipa ile Probox, ni ya gia za mkono, yeye amekaa kando. Tulifika raundabauti moja huku Eastlands, jam ya jioni. Zamu yangu ya kuingia ikafika, nikazima gari. Matatu iliyokuwa nyuma ikaanza honi, ile ya mfululizo, ile ya kukutoboa sikio. Makanga akashuka akaja akagonga boneti: "Buda, toa hii maneno barabarani!" Nikawasha haraka, nikakanyaga mafuta, nikaachilia klachi. Sikuangalia mbele. Narudia: sikuangalia mbele. Nilikuwa naangalia kioo, naangalia ile matatu.

Mbele yangu kulikuwa na mzee wa mkokoteni, amebeba mitungi ya maji, anavuka. Anko alivuta handibreki. Gari ilisimama karibu naye kiasi kwamba angeweza kugusa taa bila kunyoosha mkono. Alinitazama tu, hakusema kitu, akaendelea kuvuta mkokoteni wake. Nikashuka. Anko ndiye alirudisha gari nyumbani. Sikushika usukani tena mpaka ule usiku wa mathe, na hata huo usiku, kama nilivyosema, niliishika funguo tu.

Kila niliyempa hiyo stori aliniambia shida yangu ni uoga. Na mimi nikakubali. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba kuna uoga wa aina mbili, na watu wanautaja kama kitu kimoja.

Uoga wa kwanza ni wa gari. Unaogopa kwa sababu unajua hiki ni chuma cha zaidi ya tani moja na kinaweza kuua mtu. Huo uoga una akili. Kila mwaka barabara za Kenya zinaua watu zaidi ya 4,000, hizo ni hesabu za NTSA wenyewe, na wengi zaidi wao ni watu wa kutembea kwa miguu. Sisi tumekua tukiona. Juni 2023 pale Londiani, lori moja liliacha njia likaingia kwa wachuuzi na watu waliokuwa wanangoja magari, na zaidi ya watu 50 wakafa. Picha zilikuwa kwa kila simu. Halafu unashangaa kijana anatetemeka akishika usukani? Mimi nashangaa yule hatetemeki.

Uoga wa pili ni wa watu. Wa honi. Wa makanga. Wa wale wanne wako nyuma ya pikap. Huo hauna akili hata kidogo. Na siku ile, si kuogopa gari kulikofanya karibu nimgonge yule mzee. Kama ningekuwa naogopa gari vizuri, ningeangalia mbele. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kuua. Huo ndio ukweli, na unauma kuuandika.

Sasa rudi kwa ile dawa ya "jiamini". Unapomwambia mtu ajiamini, unamwondolea uoga gani? Wa kwanza. Unamwambia gari ni kitu rahisi, kanyaga twende. Ule wa pili unamwongezea, kwa sababu sasa hata kuogopa kwenyewe kumekuwa aibu. Halafu tunapata yule dere tunamjua wote: anaendesha na mkono mmoja, simu kwa ule mwingine, anaovateki kwa kona Thika Road ikiwa imejaa, na hawezi kukubali kupitwa na gari ndogo. Haogopi kuua. Anaogopa kuonekana mnyonge. Huyo tunamwita dere mkali. Mimi namwita mwoga, tena mwoga wa hatari.

Kwa wasichana ni mbaya zaidi. Mwanaume akizima gari, amezima gari. Mwanamke akizima, mtaa mzima unasema "si unaona, ni mwanamke." Dada yangu aliniambia kwa sababu hiyo tu hakuwahi kuuliza swali hata moja darasani. Fikiria hiyo. Mtu amelipa pesa zake kufunzwa, na anaogopa kuuliza.

Najua mainstrakta watasema nini. Watasema barabara haibembelezi mtu, kwa hivyo heri uzoee matusi mapema. Kusema ukweli, nusu ya hiyo ni sawa. Barabara haibembelezi. Ndiyo maana darasa linafaa kuwa mahali pekee ambapo mtu anaweza kukosea bila kuumizwa. Hakuna mtu Mombasa anamfunza mtoto kuogelea kwa kumtupa katikati ya kivuko cha Likoni eti azoee maji.

Aliyenifunza mwishowe ni anti yangu, anaendesha basi la shule. Alisikia stori ya ule usiku, akaja Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, akanipeleka kwa uwanja wa kanisa hakuna mtu. Siku ya kwanza hatukuwasha injini. Nilikaa tu, nikashika kila kitu, nikasema kazi yake. Nilihisi kama mtoto wa nasari. Siku ya pili, klachi peke yake, bila mafuta, mpaka mguu ukajua pale gari inaanza kusonga.

Siku ya tatu akaniambia nizime gari. Nikafikiri nimesikia vibaya. "Zima. Achilia klachi vibaya makusudi." Nikazima. "Washa. Zima tena." Mara kumi. Halafu akaanza kunyoosha mkono na kubonyeza honi yeye mwenyewe huku mimi nawasha. Piiiii! Mikono ikaanza kutetemeka kama siku ile ya raundabauti. Akasema: "Honi ni sauti, mwanangu. Haijawahi kugonga mtu. Kanyaga breki. Klachi chini. Gia ya kwanza. Washa. Angalia mbele, kushoto, kulia. Ndio uondoke. Anayeona umechelewa, apae."

Hakuniambia hata siku moja niwache kuogopa. Alinionyesha cha kuogopa ni kipi.

Kwa hivyo haya ndiyo nataka.

Wewe instrakta, punguza watazamaji kwa hiyo gari, na ukisikia wanacheka, wanyamazishe. Hao wanafunzi wako ndio watakuwa nyuma ya usukani mtoto wako akivuka barabara.

Wewe unayetafuta mtu wa "kukusaidia" upite mtihani bila kugusa gari, jua unanunua lile swali la mathe: hiyo kadi yako ni ya nini?

Wewe unayepigia honi gari yenye alama ya L, ulizaliwa unajua? Sekunde tano zako haziwezi kuwa na thamani kuliko mzee wa mkokoteni.

Na wewe unayeogopa. Kama hutaki kuendesha, ni sawa kabisa, panda mathree uende zako, si lazima kila mtu awe dere. Lakini kuchagua kutoendesha ni kitu kimoja, na kutoroka halafu kudanganya kwamba unajua ni kitu kingine. Mimi nilitoroka, na bili karibu ilipwe na mathe. Tafuta mtu mmoja mwenye subira na uwanja mtupu. Zima gari mara kumi mbele yake.

Wiki jana nilikuwa nampeleka mathe kliniki. Nikazima gari kwa makutano, asubuhi, jam imeshika. Honi zikaanza nyuma. Jasho likatoka, sitadanganya. Breki, klachi, gia ya kwanza, washa. Nikaangalia mbele. Watoto watatu wa shule walikuwa wanavuka, wameshikana mikono. Nikangoja wapite wote. Nyuma wanapiga honi tu.

Mathe hakusema kitu. Aliongeza tu sauti ya redio.