Mshahara Mdogo Si Leseni

Ukimwuliza karani kwa nini anadai "chai" kabla ya kulitafuta faili lako, atakujibu kwamba mshahara hautoshi. Jibu hilo limezoeleka mno, hata anayedaiwa hulipokea kwa huruma. Mimi silikubali, nami nasema hivyo nikiwa nimefanya kazi masjala kwa miaka mingi, nikilipwa mshahara huohuo unaolalamikiwa.

Kwanza, ndugu msomaji, tutazame nani anamlipa nani. Anayesimama dirishani ni mjane anayefuatilia mirathi, au mkulima aliyekuja mjini kutafuta hati ya shamba lake. Hao hawana mshahara hata huo mdogo. Kama dhiki inahalalisha kuchukua, basi wao ndio wangemdai karani nauli ya kurudia nyumbani!

Pili, Tume ya Jaji Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996, iliwagawa wala rushwa makundi mawili: wadogo wanaochukua kwa sababu ya kipato duni, na wakubwa wanaochukua kwa tamaa ya mali. Watetezi wa chai hupenda kulitaja kundi la kwanza, wakalisahau la pili. Kama njaa ingekuwa ndiyo mzizi wa jambo hili, rushwa ingekoma pale mshahara unapoanza kutosha. Haikomi, inabadili kiasi tu.

Tatu, chai huiharibu kazi yenyewe. Faili lenye bei haliwezi kupatikana upesi, kwa maana likipatikana upesi bei yake inakufa. Nimeona faili "lililopotea" asubuhi likionekana mchana, noti ilipokwisha kupita mkononi. Hapo mtumishi hauzi huduma, anauza ucheleweshaji. Na mwenzake anayefanya kazi bila kudai kitu huitwa mshamba.

Wapo watakaoniuliza, "Je, watoto wetu wale maadili?" Swali ni la haki, ila limepelekwa kwa mtu asiyehusika. Lipelekwe kwa mwajiri, kupitia chama cha wafanyakazi, mchana kweupe. Tena chai ndiyo inayolizima swali hilo. Aliyekwisha kuziba pengo lake dirishani hana haraka ya kudai nyongeza, na anaogopa kusimama mbele asije akachunguzwa. Mwajiri naye ananyamaza, kwa sababu mwananchi anamlipia mfanyakazi mara mbili: kwa kodi, kisha kwa chai.

Kwa hiyo anayesema anachukua kwa sababu analipwa kidogo anasaidia kuhakikisha kwamba ataendelea kulipwa kidogo. Tudai mishahara inayotosha, na tudai kwa sauti. Lakini yule mjane aliyeko dirishani hakutuajiri, wala hakupanga mishahara yetu. Tumpe faili lake aende.