Nani Yumo Kwenye Sita Wako?

Mwezi huu baba watoto kanifundisha mpira wa kikapu, na mwenzenu nimekosa usingizi.

Tulikuwa kwenye kochi, yeye na mechi yake, mimi na simu yangu. Nikamuuliza tu, ligi ikiongeza timu mpya kabisa, wachezaji inawatoa wapi? Akanijibu, inawachota kwa wenzake. Golden State Valkyries walipokuwa wanajiandaa kuingia WNBA, ile ligi ya wanawake ya Marekani, kila timu kati ya 12 zilizokuwepo iliruhusiwa kulinda wachezaji sita tu. Aliyebaki nje ya sita anaweza kuchukuliwa, ila timu moja haipokonywi zaidi ya mmoja. Siku ilipofika, Desemba 6, 2024, Valkyries wakachukua 11.

Sasa mfikirie Kayla Thornton. Oktoba ametwaa ubingwa na New York Liberty, Desemba anahamishwa kwa sababu jina lake halikuwa kwenye sita. Jamani! Lakini walioniuma zaidi ni wale walioachwa nje ya orodha halafu hawakuchukuliwa. Hao wanarudi mazoezini, jezi ile ile, wanacheka na kocha aliyewaona ni wa saba. Ndoa ngapi ziko hivyo? Tuache hayo.

Baba watoto akanichokoza: "Haya mama, na wewe taja sita wako." Nikachukua kalamu. Yeye, watoto wawili, mama yangu, dada yangu. Wa sita nikamwandika mwenzangu wa ofisini, tunayekula naye mchana kila siku. Ndipo nikashtuka. Shosti wangu wa tangu chuo, aliyesimama nami siku ya harusi, hayumo! Hatujagombana hata siku moja. Nilimwona tu kwamba yupo, haendi popote, nikaacha kumpigia. Mialiko yake nikaikwepa, leo kazi, kesho mtoto anaumwa. Siku hizi ana kundi lake jipya, wanasafiri, kafungua duka, na picha nazionea kwenye simu kama watu baki.

Thornton naye aling'ara huko alikokwenda. Mwaka 2025 alichaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi kwa mara ya kwanza. Veronica Burton, aliyetoka Connecticut Sun kwa njia hiyo hiyo, akapewa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua zaidi msimu huo. Valkyries wenyewe wakaingia hatua ya mtoano katika msimu wao wa kwanza, jambo ambalo timu mpya ilikuwa haijawahi kulifanya kwenye ligi hiyo.

Juzi nikampigia shosti. Tuliongea dakika nne, za heshima kabisa: watoto hawajambo, kazi inaendelea. Nikamwambia tuonane Jumamosi. Akasema ametingwa kidogo, atanitafuta akipata nafasi. Maneno yale yale niliyokuwa nampa yeye.

Tukutane mwezi ujao.