Si kila uvimbe wa korodani ni busha

MZEE wa Pwani akivimba korodani, jamaa husema ni busha, na mara nyingi hawakosei. Mbu waenezao matende wameuzoesha ukanda wa Kwale hadi Lamu maradhi hayo. Lakini mazoea hayo hayo huficha ugonjwa adimu na hatari zaidi: limfoma ya korodani, saratani inayoanzia katika chembechembe nyeupe za damu.

Ni takriban asilimia moja au mbili tu ya limfoma zote zisizo za Hodgkin. Hata hivyo, kwa mwanamume aliyevuka miaka 60, ndiyo saratani ya korodani inayopatikana zaidi. Kwa kawaida huja bila maumivu, na mgonjwa ambaye tayari amebanwa na haya hungoja miezi.

Kuitofautisha na busha hakuhitaji makuu. Busha ni maji, na kwa kawaida mwanga wa tochi huyapenya. Uvimbe wa saratani ni mgumu na huuzuia. Picha ya ultrasaundi huondoa shaka. Daktari huitoa korodani kupitia kinena, kisha maabara hutafuta protini ya CD20 juu ya seli. Kipimo hicho kikikosekana, haijulikani dawa ipi itafaa, na upasuaji peke yake hautoshi.

Hautoshi kwa kuwa ubongo na korodani ya pili vina vizuizi ambavyo dawa nyingi hazivuki, na humo ndimo ugonjwa hurudi, pengine baada ya miaka mingi. Ndiyo maana mgonjwa hupewa rituximab pamoja na kemotherapi ya CHOP, methotrexate ya kukinga ubongo, na miale kwenye korodani iliyobaki. Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2011, wagonjwa 53 waliogunduliwa mapema walitibiwa hivyo. Makadirio yalikuwa kwamba asilimia 85 wangekuwa hai baada ya miaka mitano.

Shirika la Afya Duniani liliingiza rituximab katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Nchini Kenya, bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia saratani hadi kikomo fulani kwa mwaka kwa kila familia, na dawa, picha na miale hukigombea kikomo hicho kimoja. Mgonjwa wa Lamu hulazimika kuifuata mashine ya miale nje ya kaunti yake, kwa majuma kadhaa, na nauli na malazi ni juu yake.