KOPE ZA KUBANDIKA SAWA, KIPEPEO WA KUBANDIKA KWENYE KEKI NDIO UTAPELI?

Haya wadau, mji umechafuka tena, na safari hii hakuna aliyefumaniwa wala aliyeachika. Ugomvi ni wa keki. Tena sio keki ya ghorofa tatu, ni zile keki ndogo za vikombe ambazo mtoto anang'ata mara tatu zimeisha.

Stori iko hivi. Staa mmoja wa filamu, jina kapuni, alimfanyia mwanae bethidei ya miaka minne. Oda akampa dada mmoja anayeoka nyumbani kwake huko Mbagala: keki za vikombe 48, urembo wa vipepeo. Kila moja sh 2,500, jumla 120,000. Nusu kalipa mwanzo, nusu nyingine mzigo ukifika. Mzigo ukafika, wageni wakapiga picha, watoto wakala, sahani zikarudi tupu. Usiku huohuo staa akaingia kwenye stori zake za Insta akamwanika dada wa watu: eti tapeli, eti vipepeo hakuwatengeneza kwa mkono, kawanunua wakiwa tayari akabandika tu. Hela iliyobaki kagoma kulipa.

Mashabiki nao, kama kawaida yao, wakahamia kwenye page ya yule dada na matusi ya kila rangi. Kufika asubuhi wateja wawili wameshaomba warudishiwe advansi zao. Sh 60,000 kwa staa ni hela ya kucha. Kwa mtu anayeoka kwenye chumba kimoja, hiyo ni unga, mayai, siagi na nauli ya boda ya oda inayofuata.

Sasa twende polepole. Hizo topa za kulika ni kitu gani? Nyingi ni karatasi nyembamba inayotengenezwa kwa wanga wa viazi, maji na mafuta kidogo, halafu inachapwa picha kwa printa yenye wino wa rangi za chakula. Nyingine ni shiti za sukari, nyingine ni maua ya aisingi yaliyokaushwa. Zinauzwa kwa pakiti kwenye maduka ya vifaa vya keki, na hakuna anayezinunua kwa kujificha. Zile chengachenga za rangi zinazomwagwa juu ya keki tangu enzi za mama zetu, nani alishawahi kuzitengeneza jikoni kwake? Zinatoka kwenye kopo, na hajatukanwa mtu.

Halafu njoo kwenye hesabu. Kipepeo mmoja wa sukari wa kukata, kupaka rangi na kukunja mabawa kwa mkono, tufanye robo saa, na hapo mtu ana mkono mwepesi. Mara 48 ni saa 12. Siku nzima imekwenda kwenye vipepeo tu, keki yenyewe bado haijaingia kwenye oveni. Na hewa ya Dar ilivyo na unyevu, sukari hiyo inataka siku nyingine ya kukauka, na mvua ikinyesha mabawa yanalegea tena. Nani anafanya kazi hiyo na kuoka juu yake kwa sh 2,500? Anayetaka kazi ya mikono alipe bei ya mikono. Staa huyuhuyu, kwa mujibu wa skrinishoti zilizozagaa, alianza kwa kuomba bei ya kishkaji kwa ahadi kwamba atamtagi. Kweli kamtagi, ila kwa kumwanika.

Na asidhani mtu kwamba kubandika ni kazi ya kulala. Ile karatasi ukiiweka mapema juu ya krimu inanyonya unyevu, inalegea, inajikunja, rangi inachuja. Ukiiingiza kwenye friji ndio umeiua kabisa. Anayejua anaoka, anaacha keki ipoe, anapaka krimu, anasafirisha, halafu anabandika pale pale ukumbini dakika za mwisho. Kwenye picha ambazo staa mwenyewe aliposti, vipepeo wamesimama mabawa juu. Huo ni ujuzi, na ndio alioulipia.

Lakini tuseme ukweli wote. Kosa la yule dada lipo, japo dogo. Kwenye meseji aliandika "vipepeo wa kulika" akaishia hapo. Angeongeza maneno mawili tu, "wa kununua", leo asingekuwa analia. Waokaji wote walichukue hilo: mwambie mteja mapema nini umeoka, nini umenunua, na bei ya kila njia, achague mwenyewe. Hata hivyo kwenye skrinishoti zilezile hakuna mahali staa kaomba vipepeo wa mkono. Kaomba vipepeo, kaletewa vipepeo.

Na aliyerusha jiwe mwenyewe ni nani? Kope za kubandika. Kucha za kubandika. Nywele zimevuka bahari. Manukato anayouza kwa jina lake yanatengenezwa kiwandani, yeye kaweka stika. Yote hayo ni sawa, mtu ana haki ya kupendeza na ana haki ya kufanya biashara. Ila mtu wa aina hiyo akisema kitu cha kununua kikibandikwa ni utapeli, jamani, kioo hana?

Kinachouma zaidi ni kwamba swali la maana hakuuliza. Mama wa mtoto wa miaka minne hakutakiwa kuuliza kipepeo katengenezwa na nani. Alitakiwa kuuliza: kinalika kweli? Maana sherehe ya mwaka jana, keki ilikuwa inameremeta dhahabu juu mpaka chini, na kwenye video watoto wanaonekana wanalamba vidole. Ile dhahabu ilikuwa nini? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu ilipendeza kwenye kamera.

Hili sio la kutania. Marekani, jimbo la Rhode Island, mwaka 2018 watoto sita waliugua baada ya kula keki ya bethidei iliyopakwa vumbi la kung'aa, na vumbi lile likakutwa na madini mengi ya shaba. Mwaka uliofuata, jimbo la Missouri, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na risasi nyingi kwenye damu, na uchunguzi ukafika kwenye vumbi la kupambia keki yake ya bethidei. Idara yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliyatangaza yote mawili mwaka 2021. Funzo lake ni rahisi: kopo kuandikwa halina sumu sio sawa na kuandikwa linaliwa. Kitu cha kula kinaonyesha orodha ya vilivyomo. Kikisema ni cha mapambo tu, au hakisemi kitu, kikae mbali na mdomo wa mtoto.

Yule dada wa Mbagala pakiti yake alikuwa nayo. Kaiposti juzi, upande wa nyuma, orodha yote inasomeka: wanga wa viazi, maji, mafuta, rangi za chakula. Tapeli gani anaposti ushahidi?

Kwa hiyo mastaa, mkitaka kutetea watoto, anzieni kwenye lebo. Mkitaka kazi ya mikono, semeni mapema na mtoe hela ya mikono. Na mkishakula keki zote 48 mkalamba na makaratasi yake, hakuna tena cha kukataa hapo. Deni ni deni. Staa huyu ana wafuasi wengi, na hao hao aliowatumia kumwangusha mwenzake, awatumie kumwinua: afute zile stori, aombe radhi palepale alipotukana, na amtumie dada wa watu elfu sitini yake na ya kutolea.

Haya wadau, nyie mnasemaje? Nani mwenye kosa hapa, aliyebandika au aliyekula akagoma kulipa? Uwanja wenu huo, ila matusi hapana.