Uvimbe Ukitolewa, Upelekwe Maabara

Daktari akitoa uvimbe kwenye titi, akautupa kwenye ndoo ya taka kwa kuwa "ulionekana wa kawaida", kazi ameiacha nusu.

Ni kweli, uvimbe mwingi wa titi kwa wasichana ni fibroadenoma, na haina madhara. Lakini ina ndugu yake adimu, filodesi, ambaye hafikii hata asilimia 1 ya uvimbe wote wa titi. Wanafanana ukipapasa, wanafanana kwenye altrasaundi, na hata sindano nyembamba ya kuvuta chembe haiwatenganishi kwa uhakika.

Hadubini ndiyo huwatenganisha. Mwanapatholojia hutazama tishu inayozunguka vijitezi: imesongamana kiasi gani, seli zake zimebadilika sura au la, kingo zimepenya kwenye nyama ya jirani au zimetulia. Kisha huhesabu seli zinazogawanyika katika maeneo 10 ya hadubini. Zikiwa chini ya 5, na mengine yote yakiwa shwari, hiyo si saratani. Zikifika 10 na kuendelea, pamoja na dalili nyingine mbaya, ni saratani inayoweza kusafiri kwa damu hadi mapafuni. Katikati ni ya mpakani. Hapo ndipo daktari anapojua kama akate tena au amfuatilie mgonjwa kliniki.

Sasa, filodesi haiko sawa kila mahali. Upande mmoja umetulia, mwingine umechachamaa. Kutuma kijipande ni kubahatisha. Utumwe uvimbe wote, ukiwa na nyuzi za kuonyesha juu ni wapi na pembeni ni wapi.

Halafu kuna suala la kopo. Nyama iliyotolewa mwilini huharibika kama samaki aliyenyimwa barafu. Inatakiwa iingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, na dawa iwe kama mara 10 ya ujazo wa uvimbe wenyewe. Maji ya chumvi hayafai, wala glavu iliyofungwa fundo. Seli zikishaoza, bingwa gani atazihesabu? Ataandika kwamba sampuli haifai, na mama wa watu atarudi nyumbani na karatasi isiyomwambia kitu.

Tunaambiwa wanapatholojia ni wachache. Sawa, na kumsomesha mmoja huchukua miaka mingi. Kopo lenye mdomo mpana halisomeshwi. Liwe mezani, na formalini yake, kabla kisu hakijashikwa. Fomu nayo ijazwe: umri, titi la upande gani, uvimbe umekua kwa kasi gani, uliwahi kutolewa kabla. Fomu iliyoandikwa "uvimbe wa titi" peke yake ni dharau kwa anayeisoma.

Na gharama ya kipimo iingizwe kwenye bei ya upasuaji tangu mwanzo, kopo lipelekwe maabara na hospitali yenyewe, si na shangazi wa mgonjwa kwenye daladala.