Msituambie Hawakuwa na Dini

Kila baada ya mauaji, viongozi wa dini hushika maikrofoni na kutuambia: waliofanya haya hawana dini. Mimi, mtu wa shaka, maneno hayo yamenichosha.

Novemba 2014, basi lilisimamishwa karibu na Mandera. Walioshindwa kutamka shahada wakawekwa kando. Waliuawa watu 28. Aprili 2, 2015, chuoni Garissa, 148. Huko pia wanafunzi waliulizwa kwanza: Mkristo ama Mwislamu? Asiye na dini ataulizia hilo la nini? Ni swali tulilofunzwa tangu utotoni, msikitini na kanisani: huyu wetu, yule wao. Al-Shabaab hawakulitunga. Walilikuta tayari, wao wakaleta bunduki tu.

Mtaniuliza, na Mwalimu Salah Farah je? Haya. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Wanawake waliwavika wenzao hijabu. Mwalimu alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Huenda ni imani yake iliyomtuma; hapo sibishi. Lakini angalieni alichokataa: ni swali lenyewe.

Basi, masheikh na wachungaji, Ijumaa hii na Jumapili hii wafunzeni watoto kulikataa swali hilo kabla halijaulizwa na mwenye bunduki. Kama hamtaki, angalau msituambie wauaji hawakuwa na dini. Mgawanyo walioutumia ni ule ule mnaotufunza.