Binti anaposhika simu jioni

Mama wapendwa, wiki hii tuongee juu ya neno ambalo watoto wetu wa chuo wanalileta nyumbani: darasa lililogeuzwa. Zamani profesa alieleza, mwanafunzi akaandika, kisha akahangaika na mazoezi peke yake nyumbani. Sasa wanageuza: somo linasomwa nyumbani, kwenye silabusi au kwa sauti ya mwalimu ndani ya simu. Darasani wanauliza na kufanya mazoezi pamoja na mwalimu.

Walioifanya njia hii ijulikane sana ni walimu wawili wa kemia wa Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams. Mwaka 2007 walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa darasa. Sisi wa Masisi na Walikale, tunaojua barabara za matope na siku za kukimbia, tunaelewa faida yake: somo lililo ndani ya simu mtu anakimbia nalo.

Lakini anayefika darasani bila kusoma haambulii kitu. Na nyumbani kwetu, kijana anaachwa asome. Binti anaitwa: maji, kuni, sombe ya kutwanga. Akishika simu, tunasema anacheza.

Mama, muulize kwanza. Kama ni somo, mpe saa moja kila jioni, kaka yake aende kuchota maji. Simu ichajiwe mapema, na mambo makubwa ayaandike kwenye daftari. Kisha akueleze alichosoma. Ukimwelewa, ujue yuko tayari kwa darasa.